Ulimi wa Skola

Kila mwezi wa Ramadhani, jua likishajificha nyuma ya maghorofa, sauti ya Hajira ilitoka uani, ikapita ukumbini, ikafika chumba cha mwisho mkono wa kushoto.

"Skola! Njoo uonje!"

Scholastika, ambaye mtaa ule wa nyuma ya soko la Kariakoo ulishamkata jina kitambo akabaki Skola, aliacha alichokuwa anakifanya, akanawa mikono, akaenda. Kati ya watu wazima wa nyumba nzima ni yeye peke yake aliyekuwa hafungi. Hajira alimwekea tone la mchuzi kwenye kiganja cha kushoto. Skola alilamba, akafumba macho kidogo, kisha akatoa hukumu, na hukumu yake haikukatiwa rufaa.

Wapo wanaosema mpishi aliyefunga anaruhusiwa kugusa mchuzi kwa ncha ya ulimi na kutema. Hajira alikuwa amelisikia hilo redioni, akalikubali kwa wenzake, lakini yeye mwenyewe aliogopa. Alikulia Lindi kwa mama ambaye mwezi wa mfungo hata mate aliyameza kwa mashaka. Binti yake Tasneem naye kuna siku kila mwezi hafungi, kama wanawake wote, ila hizo ni siku za kusitiriwa. Huwezi kumsimamisha binti uani aonje mchuzi huku baba yake anapita kwenda kutawadha. Kwa hiyo kazi ilikuwa ya Skola, na Skola aliipenda kuliko kazi nyingine yoyote aliyowahi kupewa duniani.

Tusimcheke. Mtu akikosa vyake hushika anachopewa. Skola aliletwa Dar na mumewe kutoka Ndanda, angali bibi harusi. Mume alikuwa kuli bandarini, mtu wa mabega na vicheko. Watoto walizaliwa wakafa, na mwisho mume mwenyewe akafa, akaacha redio moja na makoti mawili. Muhiddin, mwenye nyumba, hakumtoa. Alikuwa Mwarabu wa hapahapa Kariakoo, muuza ndoo na mabeseni ya plastiki, mtu asiyejua kupandisha sauti. Alimwambia tu, "Shemeji, chumba ni chako, ukipata utalipa." Skola akatafuta sufuria kubwa, akaenda kupikia makuli walewale waliofanya kazi na mumewe.

Huko ndiko ulikozaliwa mchuzi wake wa nyama ya kusaga. Aligundua mapema kwamba nyama ya vipande ina ubaguzi. Huyu kapata mnofu, yule kapata mfupa, na kuli mwenye njaa akipata mfupa hanyamazi. Nyama ya kusaga haina mkubwa wala mdogo. Nusu kilo tu ya buchani aliikaanga yenyewe mpaka maji yake yakauke na mafuta yake yaanze kulia, ndipo akatia kitunguu, tangawizi na thomu, kisha nyanya nyingi mpaka ziive zisahau kwamba zilikuwa nyanya. Dengu alizilaza majini usiku. Viazi alivikata vidogo kama vidole vya mtoto, na kimoja alikikuna ili rojo lishike. Karoti, njegere, na ndimu mwishoni. Sufuria ilijaa, na mtu angeapa kwamba ng'ombe mzima yumo humo ndani.

Alimfundisha Hajira mchuzi huo, na mchuzi ukawa wa nyumba. Walikuwa wengi pale: Hajira na mumewe, Tasneem, watoto wa kiume wawili walioajiriwa dukani kwa baba yao, mke wa mmoja wao, na wajukuu. Nyama ya kila mtu kipande chake isingewezekana. Muhiddin alikuwa amebakiwa na meno machache, naye alisema kwamba Mungu alimletea shemeji Skola makusudi, ili afe ameshiba.

Krismasi iliyopita, homa ilimwangusha Skola. Ilikuwa mafua tu, kama ya watu wote, yenye kikohozi na mifupa kuuma. Siku ya nne homa ikaondoka. Siku ya tano Tasneem akamletea supu, Skola akanywa, akadhani ameletewa maji ya moto. Akanusa bakuli. Hakukuwa na kitu. Akalamba chumvi ya kwenye kopo, na chumvi ikawa mchanga. Akalamba sukari, nayo mchanga.

Kwenye zahanati walimwambia asubiri, huwa inarudi. Wengine huchukua muda, na wengine, daktari alisema akiangalia pembeni, hawarudiwi. Akasubiri. Aliendelea kupika bandarini kwa mazoea ya mkono, lakini mkono bila ulimi ni kipofu. Leo mchuzi doro, kesho kama bahari. Makuli ni watu wa heshima mpaka unapofika kwenye tumbo lao. Wakaanza kupungua, mmoja mmoja, wakimsalimia kwa mbali na kupitiliza kwa mama lishe mwingine. Mwisho wa Januari Skola akafunga biashara. Mtaani alisema ni miguu.

Kwa nini hakusema ukweli? Wahenga wamesema mficha maradhi kilio humfichua, na Skola aliijua methali hiyo kama unavyoijua wewe. Lakini Ramadhani ilikuwa inakaribia. Kila alipofikiria kusema, alisikia ukimya utakaokuwapo saa kumi na moja jioni, sauti isiyotoka uani. Yeye ni mpangaji wa chumba cha mwisho, mjane, Mkristo, hana mtoto wala mjukuu. Kilichomfanya awe mtu wa nyumba ile ni ulimi. Basi akanyamaza, na kila asubuhi akalamba chumvi akiomba, na kila asubuhi ikawa mchanga.

Na mwaka huu ndio mwaka ambao ulimi wake ulihitajika kweli. Muhiddin alikuwa ameambiwa ana presha. Chumvi ipungue, daktari alisema, tena ipungue sana. Siku moja kabla ya kuandama mwezi, Hajira alikuja chumbani kwa Skola, akaketi kitandani.

"Shoga yangu, mwaka huu nakukabidhi mume wangu. Mkono wangu umezoea chumvi nyingi, siuamini tena. Wewe ndiye unayejua kuufanya mchuzi uwe mtamu kwa chumvi kidogo. Utaniambia."

Ilikuwa nafasi ya kusema. Mlango ulikuwa umefungwa, walikuwa wawili tu, na Hajira hakuwa mtu wa kucheka watu. Skola akafungua mdomo.

"Usijali," akasema.

Jioni ya chungu cha kwanza, siku ya kwanza ya mfungo, sauti ikatoka, "Skola! Njoo uonje!" Mchuzi ulikuwa unatokota kwenye jiko la mkaa, mwekundu, na mafuta yameelea juu kama inavyotakiwa. Hajira alikuwa ametia chumvi ya ncha ya kijiko, akamwekea tone kiganjani. Skola akalamba, akafumba macho kama kawaida. Palikuwa na joto, na vichembe vya nyama chini ya ulimi. Zaidi ya hapo hapakuwa na kitu.

"Iko sawa," akasema.

Usiku ule Tasneem alipomletea sahani yake alicheka. "Ma'mdogo, leo mchuzi doro kweli! Umri huo umekuvaa."

Ulikuwa utani tu, msichana alishausahau kabla hajafika mlangoni. Skola hakulala. Alijiona ameshakamatwa. Kesho yake, alipolamba, akatikisa kichwa. "Bado. Ongeza kidogo." Hajira akaongeza bila swali. Na siku iliyofuata, "Ongeza kidogo." Mtu anayebahatisha gizani hushika ukuta wa upande mmoja, na Skola alikuwa ameshika ukuta wa chumvi.

Balaa ni kwamba watu walifurahi. Chumvi ilirudi palepale walipoizoea miaka yote, kisha ikapita, na viazi vikaificha. Walikula mpaka wakakwangua sufuria. Hajira kuna siku alihisi chumvi imezidi, akajiambia kwamba kinywa cha mtu aliyefunga hakiaminiki, na kwamba Skola ameonja. Muhiddin yeye hakuwahi kukitia chakula kasoro maisha yake yote. Alilelewa hivyo, kwamba Mtume hakukisema vibaya chakula hata siku moja, akipenda hula na asipopenda huacha. Safari hii alipenda. Alitikisa kichwa akasema, "Mchuzi umekolea na chumvi kidogo! Shemeji ana ulimi wa dhahabu." Skola aliyasikia maneno hayo kupitia ukutani, akaona aibu ikimpanda mpaka masikioni.

Mambo yakaenda hivyo mpaka chungu cha kumi na mbili, siku dada yake Muhiddin alipokuja kufuturu. Bi Badria alikuwa anakaa kwenye fleti kule Mchafukoge na naye ana presha ya miaka mingi. Kwake chumvi iliwekwa kabatini kama sumu ya panya. Huyu ni mtu ambaye hakuwahi kuimeza ndoa ya kaka yake na mwanamke wa Lindi, na miaka thelathini na kitu haikumsaidia kuitafuna. Alitia tonge la kwanza mdomoni, akaliweka chini.

"Hiki ni chakula cha mgonjwa?"

"Kina nini, wifi?" Hajira akauliza.

"Unaniuliza mimi! Chumvi hii ukimpa ng'ombe atakunywa bahari."

"Skola ameonja," Hajira akasema. "Kila siku anaonja Skola."

Muhiddin akasema kwa upole kwamba chakula kisisemwe, akajiongezea. Baadaye akaenda tarawehe kama kawaida. Katika rakaa ya sita wenzake walisujudu wakainuka, yeye hakuinuka.

Kilikuwa kiharusi. Upande wa kulia wote ulikuwa umelala, mdomo umevutwa, na maneno yakitoka hayana umbo. Hakufa. Asubuhi yake wanawake wa mtaa walijaa ukumbini, na Skola akakaa nao, akiwa na khanga yake kichwani. Alijua. Daktari baadaye alisema presha haiangushi mtu kwa mchuzi wa wiki mbili, kwamba hili lilikuwa linajengeka tangu zamani, lakini chumvi, akasema, haikusaidia. Skola alishika neno la mwisho tu, hayo mengine hakuyasikia.

Mchana Bi Badria alikuja kuchukua nguo za mgonjwa. Alimkuta Hajira uani, amekaa kwenye kibao cha mbuzi, hana nazi anayoikuna.

"Daktari kaniuliza mimi mgonjwa anakula nini," Badria akasema. "Nimeona haya kumjibu. Kaka yangu kaingia ndoa hii mzima, Hajira. Umemlisha chumvi mpaka umemlaza."

"Wifi, naapa mbele ya Mungu, na nimefunga. Chumvi natia kwa ncha ya kijiko, naongeza akisema Skola tu."

"Ulimi wangu basi mwongo?"

"Muulize anayeonja." Hajira akasimama. Macho yake yalikuwa yamevimba, lakini sauti ilikuwa na nguvu ileile ya kila jioni. "Skola! Skola, njoo!"

Skola akatoka chumbani. Alikuwa amenawa mikono, kwa mazoea, na maji yalikuwa bado yanadondoka vidoleni.

"Mwambie wifi yangu," Hajira akasema. "Ulionja, hukuonja?"

"Nilionja."

"Chumvi ilikuwa nyingi?"

Angeweza kusema haikuwa nyingi. Badria angeondoka akinung'unika, Hajira angemshika mkono, na nyumba ingebaki ilivyo. Hakuna duniani ambaye angejua. Lakini angalia Hajira alivyosimama pale, kidevu juu, ameegemeza heshima yake yote kwenye ulimi wa mwenzake. Skola aliona hilo.

"Sijui," akasema.

"Hujui vipi?"

"Sisikii ladha, mama Tasneem. Tangu ile homa ya Krismasi. Sisikii chumvi, sisikii sukari, hata moshi wa nyama kuungua sisikii. Nilikuwa nabahatisha."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Na jana?"

"Na jana."

Kutoka mtaani zilisikika kelele za wachuuzi na mikokoteni, kama kawaida ya Kariakoo, na ile sauti ya kipaza sauti inayorudia kwamba kila kitu bei ya kutupa. Hajira akamtazama Skola. Hakulia, wala hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu kama angepaza.

"Ungeniambia tu," akasema. "Ningekuita vilevile."

Akaingia ndani, akafunga mlango.

Toka siku ile jioni ziliingia bila sauti. Sahani ilikuja kila siku, kwa sababu Hajira hakuwa mtu wa kumnyima jirani chakula, ila aliileta Tasneem, akasema "Shikamoo," akapokea marahaba yake, akaondoka bila utani. Mwonjaji mpya alikuwa Husna, kajukuu ka nyumba ya pili kasikofikia bado umri wa kufunga. Kila walichokapa kalisema kitamu. Skola alikasikia kupitia dirishani, "Tamu!" na wanawake wakacheka kicheko kisicho na furaha, na alikaa kitandani na sahani mapajani, akitafuna vitu laini na vitu vigumu, mpaka sahani ikaisha. Alikula kwa sababu kutokula kungekuwa dharau. Alikonda hata hivyo.

Muhiddin alirudishwa nyumbani kumi la mwisho la mfungo likiwa limeingia. Walimtandikia godoro ukumbini, mahali penye upepo. Hakuweza kutafuna, kwa hiyo ule mchuzi wa nyama ya kusaga, uliopondwa na viazi vyake, ndio ukawa chakula chake pekee, na sasa haukuwa na chumvi hata chembe. Hajira alipika sufuria mbili, kubwa ya watu na ndogo ya mgonjwa. Daktari alisema mgonjwa ale vizuri, nguvu zitarudi kidogo kidogo. Lakini Muhiddin alikula vijiko viwili, akafumba mdomo wake uliopinda.

"Nimeshiba," alisema kwa shida. "Alhamdulillah."

Kusema kibaya hakusema. Hilo lingekuwa kinyume naye. Aliacha tu, kama alivyofundishwa. Walimbembeleza. Waliamua kula naye, wapakue kwenye sufuria yake, asijione ametengwa. Tasneem alikaa naye siku moja baada ya magharibi, akatia kijiko mdomoni, na uso wake ukafanya ule mkunjo ambao mtu hawezi kuuzuia. Baba yake aliuona. Mtoto mkubwa wa kiume akajaribu kesho yake, akameza kama anameza klorokwini. Muhiddin akainua mkono wake mzima, ule wa kushoto, akausukuma hewani.

"Kuleni chenu," akasema.

Kuanzia hapo alikula peke yake, na vijiko viwili vikawa kimoja. Mtu aliyekula kwenye sinia moja na watoto wake maisha yake yote, kumweka peke yake na kibakuli ni kumzika kabla ya wakati. Mikono yake ikawa mifupa. Hajira alikaa pembeni akishika kijiko, na wanaopita ukumbini walijifunza kupita upesi.

Skola aliyaona hayo yote kwa kupitia mwanya wa mlango wake, kwa sababu chumba cha mwisho kinatazama ukumbi. Hakuthubutu kutoka. Alimpigia simu kaka yake Ndanda, akakata tiketi ya basi kwa siku ya pili ya Idi, akaanza kufunga vitu vyake kwenye begi moja na mfuko wa sandarusi. Redio ya marehemu aliizungushia khanga. Makoti alikuwa ameshayagawa siku nyingi.

Siku ya Idi nyumba ilinuka pilau, au ndivyo alivyodhani, kwa kuwa aliona watu wakivuta pumzi na kutabasamu mlangoni. Wageni wakaja, wakampa mgonjwa mkono, wakaenda kula uani. Ukumbi ulipotulia, Skola akavaa gauni lake la kanisani, akatoka kutoa mkono wa Idi na kuaga. Hakutaka kuondoka alfajiri kama mwizi.

Hajira alikuwa amekaa kwenye mkeka kando ya godoro, amevaa dera jipya, na bakuli la mchuzi usio na chumvi mkononi. Mchuzi ulikuwa umeshaanza kupoa na kushika ngozi juu. Muhiddin ametazama ukutani.

"Idi njema, shemeji," Skola akasema. "Idi njema, mama Tasneem. Nimekuja kuaga. Kesho naenda kwetu."

Hajira akainua macho. Hakuonekana kama amekasirika, alionekana amechoka tu, amechoka kiasi cha kutojua tena nani alimkosea. Akalisogeza bakuli kwa mume wake mara nyingine, na mume wake akafumba mdomo.

Palepale mkekani palikuwa na sufuria ndogo ya mgonjwa na nyingine ya wali, na sahani tupu juu yake. Skola alizitazama. Hakuna aliyemwambia akae, akakaa. Akachukua sahani, akapakua, akatia wali kidogo pembeni, akaanza kula.

Alikula kama anavyokula kila siku. Tonge, kutafuna, kumeza. Uso wake haukukunjika, kwa sababu hakukuwa na kitu cha kuukunja. Kwake chakula kile na pilau ya uani vilikuwa kitu kimoja. Hakuwa anaigiza, na Muhiddin, aliyekuwa ameangalia nyuso za watu wake siku zote zile na kuona kila mmoja akiigiza, aligeuka polepole kutoka ukutani, akamtazama. Alitazama tonge la kwanza likishuka, na la pili. La tatu likashuka, na uso wa Skola ulikuwa uleule.

Kisha akafungua mdomo. Hajira akatia kijiko.

Wakala. Skola tonge lake, Muhiddin kijiko chake, tonge, kijiko. Bakuli lilifika nusu. Hajira alikuwa analia sasa, waziwazi, machozi yakidondokea dera jipya, na hakuyafuta kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

"Shemeji," Muhiddin akasema. Neno lilitoka limepinda, lakini lilitoka.

"Abee."

"Chumvi... ikoje?"

Kijiko cha Hajira kikasimama hewani. Skola akaliweka tonge chini. Jibu la miaka yote lilimjia ulimini lenyewe, lile jibu jepesi lililomfanya awe mtu wa nyumba, akalirudisha tumboni.

"Sijui, shemeji," akasema. "Wallahi sijui."

Nusu ya uso wa Muhiddin, ile nusu iliyobaki hai, ikapanda. Ilimchukua Skola muda kutambua kwamba yule mtu anacheka.

"Hata mimi," Muhiddin akasema, akafungua mdomo asubiri kijiko.

Jioni ile Skola alirudi chumbani kwake bila kuambiwa abaki wala aende. Asubuhi ya siku ya pili ya Idi aliamka mapema. Basi lilikuwa la saa tano. Alikunja shuka, akafunga begi kwa kamba kwa sababu zipu ilikuwa mbovu, akakaa kitandani akisubiri kupambazuke vizuri. Hakujua aende kumgongea Hajira au apite tu. Mfungo ulikuwa umekwisha. Sasa kila mtu katika nyumba ile alikuwa na ulimi wake na ruhusa ya kuutumia, na hakukuwa na sababu yoyote ya mtu kuitwa uani.

Alisikia jiko likichochewa. Alisikia mfuniko wa sufuria ndogo. Kisha sauti ikatoka uani, imekwaruza kwa kulia, ikapita ukumbini mpaka chumba cha mwisho mkono wa kushoto.

"Skola! Njoo ule na shemeji yako!"

Begi lilikuwa mapajani mwake. Akaliweka sakafuni, akanawa mikono, akaenda.